Gigabaiti 69 za Kabezi

"Mjomba, wamekula gigabaiti 69!"

Mpwa wangu alisema hivyo kabla ya kunisalimu, na kwetu Kabezi mtoto haruki salamu. Nikajua jambo ni zito. Alikuwa ametoka Bujumbura na basi la mchana, viatu vimejaa vumbi, na mkononi amekumbatia kisanduku kidogo kama mtu aliyebeba mayai. Nyuma yake alikuja dada yake mdogo, yule asiyesema sana, lakini akiuliza swali huwezi kulikwepa.

Kwa nyinyi msiopajua kwetu: Kabezi iko kusini mwa Bujumbura, kwenye barabara ya kwenda Rumonge. Ukitoka mjini unapita Mugere, penye lile jiwe kubwa lililochongwa majina ya Livingstone na Stanley na tarehe ya 25 Novemba 1871, kisha unaendelea, ziwa Tanganyika likiwa mkono wako wa kulia na milima mkono wa kushoto. Hapo ndipo penye kibanda changu cha kutengeneza kompyuta. Huku watu wanaishi kwa ndagala, kwa mukeke, kwa mihogo na kwa mawese. Siku hizi wanaishi na kompyuta pia, maana hakuna kwaya inayoimba bila mtu kusimama mbele yake na kamera.

Na jambo lenyewe lilitoka kwenye kwaya. Wanakwaya walikuwa wamechanga pesa muda mrefu ili wanunue diski ya nje ya kuhifadhi video zao. Walimpa mpwa wangu mzigo wa kwenda kuinunua kwa sababu yeye ndiye anayejua mambo hayo. Akanunua diski ya terabaiti moja, yaani gigabaiti 1,000. Kisanduku kimeandikwa hivyo, risiti imeandikwa hivyo. Alipoichomeka kwenye kompyuta, kioo kikaandika: 931 Go.

"Elfu moja toa mia tisa thelathini na moja," alisema, sauti ikitetemeka. "Sitini na tisa. Kesho nikiwaonyesha, watasema nimenunua ndogo nikala pesa iliyobaki. Narudi mjini sasa hivi. Yule mwenye duka atanitambua!"

Nikamwambia akae kwanza. Hakukaa.

Nami sikumcheka, tafadhali msimcheke nanyi. Mtu mzima anaweza kuishi na shaka juu yake. Kijana wa miaka 16 aliyekabidhiwa pesa za watu hawezi. Kwake, gigabaiti 69 zilikuwa jina lake lote.

"Twende kwa mama yenu," nikasema.

Mama yao, dada yangu, huanika ndagala kwenye mchanga karibu na maji na kuwauza kwa makopo. Mahali pengine samaki hawa huitwa dagaa. Tulimkuta ana rundo lililokauka vizuri, linang'aa kama vipande vya fedha. Nikamwomba apime makopo 30 kwa kopo lake la kila siku, na ayamimine kwenye kitambaa. Akapima, akahesabu kwa sauti, akanitazama kwa jicho la mtu anayejiuliza kama nitalipa. Kisha nikaenda kwa jirani yake, muuzaji wa maharage, nikaazima kopo lake. Kwa macho yalikuwa makopo mapacha. Lakini lile la maharage lilizidi kidogo, labda unene wa kidole kwenda juu.

"Sasa pima rundo hilohilo kwa kopo hili," nikamwambia mpwa wangu.

Akapima. Ishirini na sita, ishirini na saba. Kopo la ishirini na nane halikujaa sawasawa.

"Makopo mawili yamekwenda wapi? Nani kayaiba?" nikamuuliza.

Akatazama chini kwenye mchanga. Hakuna samaki hata mmoja aliyeanguka. Akatazama makopo mawili. Ndipo akakaa.

Basi hapo ndipo penye kiini cha habari yetu, na nataka tukae nacho kidogo, maana wengi hupewa jibu la haraka kwamba "ndivyo kompyuta zilivyo" na wanaondoka bila kuelewa. Kiwanda cha diski kinapima kwa kopo dogo. Kompyuta yenye Windows inapima kwa kopo kubwa. Ubaya ni kwamba makopo yote mawili yameandikwa jina lilelile.

Kopo dogo ni la mafungu ya elfu. Baiti 1,000 ni kilobaiti, kilobaiti 1,000 ni megabaiti, megabaiti 1,000 ni gigabaiti, gigabaiti 1,000 ni terabaiti. Ndiyo "kilo" ileile ya kilomita na ya kilo ya sukari. Hakuna ujanja ndani yake.

Kopo kubwa limetoka wapi? Limetoka kwenye maumbile ya kompyuta yenyewe. Ndani yake kompyuta haina vidole kumi kama sisi. Ina alama mbili tu, sifuri na moja, kama taa iliyozimwa na taa iliyowashwa. Kwa hiyo hesabu yake hukua kwa kujirudufu. Chukua karatasi uikunje mara moja: tabaka 2. Ikunje tena: 4. Tena: 8. Kisha 16, 32, 64, 128, 256, 512. Mkono utashindwa njiani, lakini akili iache iendelee. Mkunjo wa kumi unakupa tabaka 1,024. Waliotengeneza kompyuta za mwanzo waliona 1,024 iko karibu sana na 1,000, wakaazima jina wakaiita nayo "kilo". Ishirini na nne zilizozidi wakazifumbia macho. Wakati ule kompyuta zilikuwa na kumbukumbu ndogo sana, na kosa lilikuwa dogo kama punje.

Lakini punje hiyo inazaa. Mwulize mvuvi anayevuka usiku kwenda upande wa Kongo. Akikosea mwelekeo kidogo tu hapa ufukweni, mwanzoni mtumbwi wake unaonekana uko njia sahihi. Kadiri anavyopiga kasia ndivyo anavyozidi kwenda kando. Kwenye kilobaiti makopo yanatofautiana kwa asilimia 2.4. Kwenye megabaiti inakaribia asilimia 5. Kwenye gigabaiti ni asilimia 7.4, na kwenye terabaiti karibu 10. Diski zikizidi kukua, watu watazidi kudhani wameibiwa.

Tulirudi kibandani, nikamfungulia diski yake. Nikabofya juu yake kwa kitufe cha kulia cha kipanya, nikachagua "Propriétés", kwa maana kompyuta nyingi za Burundi zinazungumza Kifaransa. Na hiyo "Go" iliyomchanganya ni Kifaransa pia: gigaoctet. Octet ni kundi la alama nane za sifuri na moja, ndiyo baiti yetu. Kompyuta za Kiingereza zingeandika GB mahali hapohapo, na tarakimu ingebaki 931.

Kwenye dirisha hilo kompyuta huandika ukubwa mara mbili kwenye mstari mmoja. Kuna tarakimu fupi, na kando yake kuna tarakimu ndefu ambayo hakuna anayeisoma. Nikamwambia aisome. Alianza, akakwama, akaanza tena kwa kuweka kidole kwenye kioo: trilioni moja, na zaidi ya milioni mia.

"Trilioni moja za nini?"

"Za octets. Za baiti."

"Uliambiwa utapewa ngapi?"

Akachukua kisanduku. Chini kabisa, kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa, kilikuwa kimeandikwa kwamba gigabaiti moja ni baiti 1,000,000,000. Elfu moja za namna hiyo ni trilioni moja. Alikuwa amepewa zote, na nyongeza juu yake.

Nyongeza hiyo pia ina hesabu yake. Diski imegawanywa kwenye vijisanduku vinavyoitwa sekta, na kwa desturi kila sekta huhesabiwa kuwa na baiti 512. Viwanda vya diski vilikubaliana kwamba diski ya terabaiti 1 iwe na sekta 1,953,525,168. Zidisha kwa 512: baiti 1,000,204,886,016. Sasa ligawe jibu hilo kwa kopo kubwa, yaani 1,024 mara 1,024 mara 1,024, ambayo ni 1,073,741,824. Unapata 931 na nusu. Mpwa wangu aliifanya kwa kalamu, kwenye upande wa nyuma wa risiti, akikataa kabisa kikokotoo cha simu. Ilimchukua muda mrefu. Sikumharakisha.

Mkinunua diski, jikumbusheni tarakimu chache. Ya 320 itaonekana 298. Ya 500 itaonekana 465. Ya terabaiti 2 itaonekana kama 1,862, na kompyuta itaandika 1.81. Ukiona hizo, hujapoteza kitu.

Wala msidhani ni sisi wa kando ya ziwa tu tuliolalamika. Huko Marekani wanunuzi walivipeleka mahakamani viwanda vikubwa vya diski kwa ajili ya jambo hilihili. Western Digital walifikia mapatano mwaka 2006, Seagate mwaka 2007, na wanunuzi wakapewa programu ya kuhifadhia nakala au rejesho dogo la pesa. Kabla ya hapo, mwaka 1998, tume ya kimataifa ya viwango vya umeme, IEC, ilijaribu kumaliza ugomvi kwa kulipa kopo kubwa jina lake lenyewe: kibi badala ya kilo, mebi badala ya mega, gibi badala ya giga. Kwa jina hilo diski ya mpwa wangu ni ya gibibaiti 931, na kila mtu angelala salama. Lakini Windows haikubadilisha maandishi yake. Apple walikwenda njia nyingine: tangu mwaka 2009 kompyuta zao zinahesabu kwa kopo dogo, kama viwanda. Diski ileile ya kwaya, ukiichomeka kwenye Mac, itasoma terabaiti 1 kamili. Mimi naona Windows inafanya vibaya kuendelea hivyo. Kopo lenye jina la kopo lingine lingekuletea ugomvi sokoni Rumonge kabla jua halijafika utosini.

Mpwa wangu alikwisha kupumua. Alikuwa anafunga kisanduku. Ndipo dada yake akafungua kinywa.

"Mjomba, kuna diski moja mahali ninapojifunzia kuchapa. Juu imeandikwa terabaiti 3. Kompyuta inasema 746. Hiyo nayo ni kopo?"

Nilifurahi sana kwa swali hilo. Mtoto aliyepata jibu zuri mara nyingi hulitumia kama panga la kukata kila kitu. Huyu alilipima kwanza. Diski ya terabaiti 3 kwa kopo kubwa inapaswa kuonekana kama 2,794. Kutoka hapo hadi 746 ni mbali mno, na hakuna kopo linaloweza kueleza hilo.

"Umewahi kutazama kioo cha kilomita kwenye gari kuukuu?" nikamuuliza. Kile kina vigurudumu vya tarakimu. Vikiwa vitano, gari likifika 99,999 na kuongeza kilomita moja, vyote vinarudi 00000. Gari halijawa jipya. Nafasi za tarakimu ndizo zimekwisha. Ukienda kilomita 300 zaidi, kioo kitasema 300, na mtu asiyejua ataamini.

Kompyuta na visanduku vya USB vya zamani vilipewa nafasi 32 za kuandikia namba ya sekta. Nafasi 32 za sifuri na moja zinafika 4,294,967,296. Zidisha kwa baiti 512 za kila sekta, unapata trilioni 2.2 hivi. Hapo vigurudumu vinarudi sifuri. Diski ya terabaiti 3 inavuka ukuta huo, na kinachobaki kioni ni kile kilichozidi baada ya kurudi sifuri: gigabaiti 746 za kopo kubwa. Nilimwandikia hesabu yote, akaikunja akaiweka mfukoni. Diski ile ilikuwa nzima. Nyumba yake ya plastiki ndiyo iliyokuwa haijui kuhesabu kufika mbali. Walipoihamishia kwenye kisanduku kipya, na kuipangia jedwali la kisasa liitwalo GPT, ikaonekana yote.

Jedwali ndilo daftari lililo mwanzoni mwa diski, linaloeleza sehemu gani inaanza wapi na kuishia wapi. La zamani linaitwa MBR. Lilikuja mwaka 1983, na mwaka huohuo kompyuta ya IBM iliyoitwa XT ilikuwa na diski ya megabaiti 10. Kumi tu! Wimbo mmoja au nyimbo mbili za siku hizi na imejaa. Waliobuni daftari hilo waliacha nafasi ya kufika terabaiti 2, wakajiona wameacha bahari. Ukiwa na MBR kwenye diski kubwa utaona kipande cha 2,048, na kando yake kipande chenye maneno "Non alloué", yaani hakijagawiwa, ambacho hakikubali kutumika hata ukikibembeleza. Kabla diski hazijafika kwenye ukuta huo, zilikutana na ukuta mwingine wa nafasi 28, uliosimama kwenye gigabaiti 137. Windows XP ya mwanzo iligonga hapo, mpaka rekebisho la mwaka 2002.

Kisha zipo diski ambazo hazikugonga ukuta wowote, bali zina vyumba vilivyofungwa. Hapa niliwaambia watazame ziwa. Ziwa letu, mahali penye kina kikubwa kabisa, lina mita 1,470. Duniani ni Baikal la Urusi tu linalolizidi. Lakini mvuvi wa Kabezi hashushi wavu huko. Upande wetu wa kaskazini hewa ya oksijeni inaishia karibu na mita 100 za juu, na chini yake ni maji mazito ya giza yasiyo na samaki wala konokono. Maji yapo, yanahesabiwa kwenye ukubwa wa ziwa, lakini huvui ndani yake. Kompyuta iliyotoka kiwandani mara nyingi ina sehemu kama hiyo: chumba cha kuwashia, ambacho ni kidogo tu, na chumba cha kurejeshea Windows ikiharibika, ambacho kinaweza kumeza gigabaiti kadhaa. Havionekani pale unapofungua "Ce PC". Ili kuviona, bofya kitufe cha Windows kwa upande wa kulia wa kipanya, chagua "Gestion des disques". Diski nzima itatandazwa mbele yako kama shamba lenye mipaka, kila kipande na ukubwa wake.

Hapo ndipo pa kuanzia kila mara unapoona upungufu usioelezwa na kopo. Jumlisha vipande vyote. Vikitimia, hakuna kilichopotea, kimefungiwa tu. Ukiona kipande cheusi cha "Non alloué", huenda diski ilinakiliwa kutoka kwa diski ndogo, na mipaka ya ile ndogo ikaja nayo. Chumba cha jirani kinaweza kupanuliwa kikachukua nafasi hiyo. Visipotimia hata hapo, kuna chumba cha ndani zaidi kiitwacho HPA, ambacho diski yenyewe inakificha na kukana kuwa nacho. Fundi mwenye Linux huuliza kwa amri ya hdparm, na diski hujibu kwa namba mbili: sekta inazozionyesha, na sekta ilizonazo kweli.

Mpwa wangu alitaka kufuta chumba kimojawapo kwenye kompyuta yangu papo hapo, aone nafasi inavyorudi. Nikamshika mkono. Naona nilimshika kwa nguvu kuliko nilivyokusudia, kwa sababu alinitazama kwa mshangao. Ikabidi niwaeleze jambo ambalo sikuwa nimewaambia.

Nilipokuwa kijana, nikijifunza ufundi mjini, mama mmoja mzee aliniletea diski ya kompyuta yake iliyokufa. Ilikuwa na picha za mwanawe, ambaye alikuwa amefariki. Alitaka nizitoe tu, nimpe kwenye diski nyingine. Siku hiyohiyo nilikuwa na diski ya mteja mwingine, iliyoandikwa 500, ambayo ilipaswa kufutwa kabisa ili iuzwe. Nilizichomeka zote mbili. Nikaandika amri ya diskpart, ikanipa orodha. Diski hazikuwa na majina kwenye orodha ile, zilikuwa na ukubwa peke yake: moja 465, nyingine 476.

Nilikuwa natafuta 500. Sikujua habari ya makopo mawili niliyowaeleza leo. Nikachagua ile iliyo karibu zaidi na 500, ambayo ni 476, nikaamuru ifutwe, na ijazwe sifuri kutoka mwanzo hadi mwisho.

Diski ya 500 huonekana 465. Ile ya 476 ilikuwa ya 512. Ilikuwa ya yule mama.

Programu kama TestDisk huweza kurudisha mipaka iliyofutwa, ikiwa ni mipaka peke yake. Lakini diski iliyojazwa sifuri haina cha kurudisha. Nilimweleza yule mama ukweli wote. Hakunitukana. Aliifunga diski ile kwenye ncha ya kitenge, kama anavyofunga pesa, akaenda zake. Nimekuwa fundi miaka mingi tangu siku ile, na kila ninapoandika amri ya kufuta naondoa mikono kwenye vibonye kwanza, nasoma namba, naigawa, nasoma tena. Kisha nauliza kama kuna nakala. Kama hakuna nakala, naitengeneza kabla ya kugusa chochote. Mteja mwenye haraka atanisubiri.

Watoto walinyamaza. Nje wavuvi walikuwa wanaanza kutayarisha taa, kwa kuwa usiku ule haukuwa na mbalamwezi, na ndagala hufuata mwanga kwenye giza.

Yule binti ndiye aliyerudisha mazungumzo. "Kwa hiyo hakuna wezi kabisa?"

Wapo. Ila wao hawakupunguzii namba. Wanakuongezea. Rumonge ni nchi ya mawese, na kila mwanamke anayenunua bidoni sokoni anajua hila moja: maji chini, mafuta juu. Mafuta huelea, ukifungua kifuniko unaona uso mwekundu mzuri, unanusa, unalipa. Maji utakutana nayo nyumbani. Kuna flash na diski za namna hiyo. Juu zimeandikwa terabaiti 2, zinauzwa kwa bei ya chakula cha mchana, na ukizichomeka kompyuta inakubali kwamba ni terabaiti 2, kwa sababu kichwa chake kimefundishwa kusema uongo. Ndani huenda mna gigabaiti 32 tu. Unanakili video, zinaingia zote bila malalamiko. Zikifika mwisho wa nafasi ya kweli, mpya zinaandikwa juu ya za zamani au zinamwagika hewani. Utagundua siku ya kuzifungua. Kwaya ingekuja kugundua siku ya sherehe.

Namna ya kuyajua maji yaliyo chini ya mawese ni kumimina bidoni lote. Diski nayo ni hivyo: ijaze mpaka pomoni, kisha soma yote uliyoyaandika uone kama yamerudi yalivyokuwa. Ipo programu ya bure ya kazi hiyo, H2testw, iliyotoka kwa watu wa gazeti la kompyuta la Ujerumani liitwalo c't. Kwenye Linux ipo F3. Haya yafanyeni diski ikiwa bado tupu, kabla hamjaikabidhi kitu cha thamani.

Mpwa wangu alitazama diski yake. Namba 931 ilikuwa imemtoa kwenye tuhuma moja, nami sasa nimemwingiza kwenye shaka nyingine. Lakini safari hii hakukimbilia mlangoni. Aliivuta kompyuta, akaandika H2testw, akaanzisha.

Kujaza terabaiti nzima ni kazi ya saa nyingi, na kompyuta yangu ni ya zamani. Umeme ulikatika mara moja, betri ikashikilia. Mama yao alituletea ugali na ndagala walewale tuliowapima mara mbili. Binti alilala kwenye mkeka. Kaka yake alikaa macho, akitazama mstari wa kijani ukisogea, na kwa mbali ziwani taa za wavuvi zilikuwa zimejipanga kama mtaa wa mji usio na nyumba. Sijui alilala saa ngapi.

Asubuhi niliamshwa na sauti yake. Ilikuwa imejazwa yote, imesomwa yote, bila kosa hata moja. Alikata kipande cha plasta nyeupe, akakibandika juu ya diski, akaandika kwa kalamu ya wino kwa mwandiko wa kujitahidi: 1,000 za kiwanda, 931 za Windows. Chini yake akaandika ile tarakimu ndefu yote, mpaka 016 ya mwisho. Plasta ikawa fupi, ikabidi aongeze nyingine.

Kisha alinisalimu, salamu ya asubuhi na ile ya jana aliyoiruka, akatoka kwenda mazoezini na risiti yenye hesabu mfukoni.